Kupe hakai mgongoni

Hapa Njoro tukishika bomba la dawa ya kupe, ng'ombe hulowa mgongo na mbavu, tukaona kazi imeisha. Kumbe kupe anayeeneza ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe, yuko zake ndani ya sikio, hajaguswa na tone. Vaa glavu, kunja sikio, pitisha kitambaa kilicholoweshwa dawa ileile. Kisha inua mkia, umalizie katikati ya kiwele na mapaja. Ukiwa hapo, papasa chini ya sikio: tezi ikiwa imevimba na mnyama ana homa, daktari wa mifugo aje leo, si kesho.

Ukimkuta kupe kwenye mguu wa mtoto, mafuta ya taa weka kando. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute wima, polepole, bila kumsokota.