Namba Kuu ya Paneli ya Ulinzi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Fundi Hajaondoka

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach na Goba hadi Tabata na Kigamboni, siku hizi zina kibao cha namba ukutani, karibu na mlango wa mbele, kinachowasha na kuzima mfumo wa ulinzi. Mwenye nyumba hulipia vihisi, king'ora, betri na ufundi, fundi humwonyesha tarakimu nne za kubonyeza, kisha wanaagana. Jambo lisilozungumzwa sana siku hiyo ni nani, fundi akishatoka getini, atakayebaki na mamlaka ya kuamua ni namba zipi zinazima ulinzi wa nyumba ile. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko aina ya paneli, yaani mtambo mkuu wa mfumo ulio ndani ya sanduku la chuma, na wingi wa vihisi, na linapaswa kumalizwa kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Paneli nyingi zina ngazi tatu za namba. Namba za watumiaji huwasha na kuzima ulinzi, basi. Namba kuu, ambayo wengine huiita namba ya msimamizi, huongeza, hubadili na hufuta namba za watumiaji. Namba ya fundi huingia kwenye mipangilio yenyewe: kihisi kipi kiko wapi, una sekunde ngapi za kufika kwenye kibao baada ya kufungua mlango, king'ora kilie kwa muda gani na taarifa iende kwa nani. Watu wengi huamini kwamba mwenye namba kuu ndiye mwenye neno la mwisho, lakini kwenye paneli nyingi aliye na namba ya fundi anaweza kuibadili hiyo namba kuu bila kukuuliza. Paneli zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 50131 humtaka fundi aruhusiwe kwanza na mtumiaji kabla ya kuingia kwenye mipangilio, na hilo ni swali zuri la kumuuliza muuzaji ukiwa bado dukani Kariakoo, pesa ikiwa bado mfukoni.

Namba zote mbili za juu hutoka kiwandani zikiwa zimeshawekwa, na zimechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipata kwenye intaneti. Namba kuu ya kiwandani kwenye paneli kadhaa zinazouzwa sana ni 1234. Kwa hiyo, kabla fundi hajafunga mkoba wake, mwombe akae pembeni yako wakati unaibadili namba kuu kwa mkono wako mwenyewe, naye akiwa amekipa kibao kisogo. Kuhusu namba ya fundi, uamuzi unategemea mkataba. Ikiwa kuna kampuni inayopokea taarifa za paneli yako na kutuma gari la doria, ina sababu ya haki ya kuishika namba hiyo, kwa kuwa ndiyo inayowajibika mipangilio isiharibiwe. Hapo taka iandikwe kwamba siku mkataba ukiisha utakabidhiwa namba hiyo. Lakini ikiwa fundi alikuja mara moja tu kufunga na kuondoka, namba hiyo ni mali yako na ibadilishwe siku hiyohiyo. Uliza pia kama paneli ina kufuli ya fundi, yaani mpangilio ambao ukiwashwa, hata ukiirejesha paneli kwenye hali ya kiwandani, namba ya fundi haifutiki. Mtu akikuachia kufuli hiyo imewashwa kisha akapotea, huenda ukalazimika kununua bodi nyingine ya paneli.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Tulihamia nyumba ya kupanga Tabata, kodi ya miezi sita ikiwa imeshalipwa, na mwenye nyumba akatupa namba moja ya kuzima na kuwasha. Usiku mmoja umeme ulikatika, betri ya paneli ikawa imechoka, na kibao kikaanza kutoa mlio kila baada ya dakika chache. Namba yetu iliunyamazisha kwa muda, ukarudi. Menyu ya ndani ikadai namba kuu. Mwenye nyumba, mzee mwema aliyepokea simu yetu saa nane za usiku bila kukasirika, alisema, "Mwanangu, hiyo anayo fundi." Simu ya fundi haikupatikana usiku ule wala wiki ile. Tukachomoa betri na transfoma ndogo inayoipa paneli umeme, watoto wakalala, na kwa siku tisa nyumba ikakaa bila ulinzi wowote ilhali vifaa vyote vilikuwa ukutani.

Baada ya hapo fikiria urefu wa namba. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000 na tarakimu sita hutoa 1,000,000, na paneli nyingi zinaweza kujifunga kwa muda baada ya makosa kadhaa mfululizo, mradi mpangilio huo umewashwa. Hata hivyo mtu anayekujua hahitaji kujaribu yote. Ataanza na mwaka uliozaliwa, ataweka 1961, ataweka 2580 kwa kuwa inashuka moja kwa moja katikati ya kibao, halafu ataweka tarakimu za mwisho za simu yako. Usitumie namba unayotumia kutolea pesa kwenye simu, kwa kuwa ile umeibonyeza mara nyingi mbele ya mawakala na watu waliosimama nyuma yako.

Kibao chenyewe nacho husema. Mwaka jana nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mama mdogo, Mbezi Beach, nikimngoja afunge madirisha ili tutoke. Kibao chake kina vitufe vya mpira, na hewa ya bahari pamoja na mafuta ya mikono vilikuwa vimefanya kazi yao: maandishi ya 1, 4, 7 na 9 yalikuwa yamefifia hadi kubaki kivuli, na mpira wake uling'aa, wakati vitufe vingine vilikuwa bado vyeupe na vyenye vumbi pembezoni. Nikamwuliza, "Mama mdogo, namba yenu ina moja, nne, saba na tisa?" Akageuka, funguo mkononi. "Nani kakwambia?" Tarakimu nne tofauti zikishajulikana, mpangilio wake unabaki wa aina 24 tu. Namba ile ilikuwa haijabadilishwa tangu nyumba ijengwe, na watu saba walikuwa wakiitumia. Tuliibadilisha jioni ileile kwa tarakimu zilizokuwa hazijaguswa, na sasa anapangusa kibao kwa kitambaa kikavu kila anapofanya usafi.

Kosa la watu saba kutumia namba moja ndilo linalostahili kusahihishwa kabla ya yote. Kila mtu apewe namba yake, na namba kuu isiwe ya matumizi ya kila siku hata kwako wewe mwenyewe; jipe namba ya kawaida kama wengine, na ile kuu ibonyezwe tu siku ya kufanya mabadiliko. Paneli hutunza kumbukumbu ya matukio, ikionyesha kwamba mtumiaji wa 4, kwa mfano, alizima ulinzi saa fulani, lakini nyingi hazijui mtumiaji wa 4 ni nani mpaka wewe uwe na daftari lenye majina. Daftari hilo lisiandikwe namba za siri, ila nafasi ya mtumiaji, kama hiyo ya 4, na jina lake tu.

Hapa naomba tuwatazame kwa haki watu wanaotusaidia nyumbani. Baadhi ya familia humpa dada wa kazi namba ya baba, wakiona kumpa yake ni kumwamini kupita kiasi. Ukweli ni kinyume. Akiwa na namba yake, kumbukumbu inaweza kumtetea: kitu kikipotea Jumamosi mchana, itaonekana kama namba yake ilitumika au haikutumika, naye hatatuhumiwa kwa kuwa tu ndiye mnyonge kuliko wote ndani ya nyumba. Na siku akirudi kwao, unafuta nafasi yake peke yake, bila kuwasumbua wengine kukariri namba mpya. Baadhi ya paneli huruhusu namba ifanye kazi kwa siku na saa ulizopanga, au itumike mara moja tu. Hiyo inamfaa fundi bomba au anayekuja kufua. Mlinzi wa getini kwa kawaida hahitaji namba ya kuzima. Anahitaji kitufe cha dharura, na kitufe hicho kijaribiwe akiwa yeye ndiye anayekibonyeza.

Ipo pia namba ya kulazimishwa, ambayo huzima ulinzi kama kawaida ili aliyekushikia silaha asishtuke, huku ikituma ishara kimyakimya. Kabla ya kuiwasha, hakikisha ishara hiyo inamfikia mtu atakayechukua hatua: kampuni ya doria, au ndugu anayejua kwamba akiipokea hapaswi kukupigia wewe bali apige 112 kuita polisi. Kwenye baadhi ya paneli namba hiyo hutokana na namba yako ya kawaida kwa kuongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho, hivyo kidole kikiteleza gari la doria litakuja bure. Wote wa nyumbani waelezwe, watoto wakubwa wakiwamo.

Paneli nyingi sasa zinaongozwa pia kwa simu, na hapo msimamizi halisi ni yule ambaye akaunti imefunguliwa kwa jina lake. Mafundi wengine, kwa nia njema ya kurahisisha kazi, husajili kifaa kwa barua pepe yao. Usikubali. Akaunti iwe ya kwako, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Laini ya simu iliyo ndani ya paneli nayo iwe imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA, na mtu mmoja nyumbani awe na jukumu la kuiongezea salio. Paneli zinazopokea amri kwa ujumbe mfupi huwa na orodha ya simu zinazoruhusiwa. Isome mwenyewe, maana simu ya fundi mara nyingi hubaki humo.

Umeme ukikatika na betri ikaisha, namba hazipotei kwenye paneli nyingi za sasa, lakini saa ya paneli inaweza kurudi nyuma, na kumbukumbu yenye saa isiyo sahihi inaweza kumtia hatiani asiyehusika. Kwa hiyo kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, angalia saa. Betri za kawaida, zile za volti 12, zibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, hata kama hazijalalamika.

Namba kuu iandikwe kwenye karatasi mbili, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa kwenye mfuniko. Moja ikae na nyaraka za kiwanja, nyingine kwa mtu unayemwamini anayeishi kwingine. Isitumwe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Fungua pia sanduku la chuma la paneli utazame upande wa ndani wa mfuniko, kwa sababu mafundi wengi huandika namba hapo kwa penseli ili wasisahau. Nimeshaikuta mara mbili, mara ya pili ikiwa pamoja na jina la mtaa.

Mabadiliko yafanywe mchana, umeme ukiwapo, kampuni ya doria na majirani wakiwa wamearifiwa, kisha kila namba ijaribiwe na mwenye nayo akiwa amesimama mbele ya kibao. Na mpangaji anayehama, siku ya kurudisha funguo afute namba zote za familia yake, aweke namba kuu ya muda, aitaje kwa mwenye nyumba, halafu ageuze uso wakati mwenye nyumba akiweka ya kwake. Tulipohama Tabata tulifanya hivyo na yule mzee. Alivaa miwani, akabonyeza taratibu tarakimu sita, kibao kikalia mara mbili kukubali, akakunja kikaratasi chake na kukitia kwenye mfuko wa shati.