Kabla hujapeleka gari bovu yadi kubadilisha na jingine: mambo ya kuzingatia

Magari yenye ubovu hubadilishwa kila siku Nairobi, kuanzia yadi za kuuza magari za Ngong Road hadi za Kiambu Road, na hakuna ubaya wowote hapo. Wanaoumia ni wale wanaofika yadi bila kujua gari linaumwa nini, na wale wanaoacha gari huko huku jina lao likibaki kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Kwa hiyo shika haya kabla hujawasha injini.

Pata jina la ugonjwa kwanza. "Gari linachemka" ni dalili tu. Huenda ni kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, thamostati iliyokwama au feni isiyozunguka, na hayo fundi huyamaliza asubuhi moja. Huenda pia ni gasketi ya hedi (kichwa cha injini), na hapo hedi lazima ishuke na kupelekwa kusawazishwa kwa mashine, gharama ya aina nyingine kabisa. Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, kwa kuwa gari la safari fupi fupi kwenye baridi ya Julai huupata. Kisha, bado ikiwa baridi, fungua rejeta na uwashe: mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, lakini yakiendelea kutoka bila kukoma, gesi ya silinda inavuja ndani ya maji. Malizia kwa kupima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani, ya silinda zote. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi (kipimo cha presha) 150 na 200, na silinda moja ikiachwa nyuma na nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, hilo ni la kuandikwa.

Giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, inataka subira. Gari likitetemeka unapoondoka kwenye taa, au injini ikinguruma kwenye mlima bila mwendo kuongezeka, watu hukimbilia Kirinyaga Road kununua giaboksi ya mtumba. Uliza kwanza ni oili gani iliyomiminwa humo mara ya mwisho. CVT ina oili yake: Nissan hutaka NS-2 au NS-3, Toyota hutaka CVTF TC au FE, kulingana na modeli. Ikiwekwa ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, mkanda wa chuma huteleza kwenye puli na kuzikwaruza. Mwambie fundi ashushe sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) akuonyeshe sumaku zilizo ndani. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho maana yake giaboksi imekwisha, na oili mpya juu yake ni pesa ya kutupa.

Usifute taa ya injini kwa mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu usiku wa kuamkia ukaguzi. Ukifuta misimbo hiyo, kompyuta ya gari hufuta pia rekodi ya majaribio yake ya ndani, na mkaguzi akichomeka kifaa chake anaona majaribio hayajakamilika. Anajua papo hapo kwamba kuna kilichofichwa, na bei anayokupa inashuka kuliko ambavyo ingeshuka kwa sensa ya oksijeni iliyokufa. Usioshe injini kwa presha pia: maji yakifika kwenye koili za plagi, injini itakosa moto mbele ya mnunuzi.

Tengeneza vidogo tu. Balbu, waipa, betri iliyochoka, linki za stabilaiza zinazogonga, bushi. Ubovu mkubwa uache, isipokuwa una bei za mafundi wawili zilizoandikwa na zote ziko chini ya kile ambacho yadi inakata. Bei hizo zibebe hata usipotengeneza, kwa sababu yadi itakadiria giaboksi kama ya dukani huku ikijua fundi wake ataweka ya mtumba.

Tafuta thamani kutoka kwa mtu asiyenunua wala kuuza. AA Kenya, chama cha wenye magari, hufanya kazi hiyo. Kisha ukifika yadi, kataa kuzungumzia "nyongeza" kabla hujapata bei mbili mbalimbali: wanakununulia lako kwa ngapi, na wanakuuzia lao kwa ngapi ukilipa taslimu. Tuseme yadi moja inalipa 650,000 kwa gari lako na kuuza lake kwa 1,900,000. Unaongeza 1,250,000. Yadi ya pili inakufurahisha kwa 780,000, lakini gari kama lile lile huko ni 2,080,000. Unaongeza 1,300,000. Aliyekupa bei nzuri kwa gari bovu amekutoza 50,000 zaidi.

Ubovu uandikwe kwenye mkataba, kwa maneno ya fundi. Usiandike "gari limeuzwa lilivyo" ukaishia hapo. Andika: "CVT hutetemeka ikipata moto, mnunuzi amelikagua na kuliendesha." Ongeza tarehe, kilomita, namba ya chesi, sahihi za pande zote na shahidi. Karatasi hiyo ndiyo itakayozuia simu ya wiki ijayo ya kukudai urudishe pesa.

Sasa jina. Hapa ndipo watu waangalifu kabisa huangukia, kwa hiyo soma polepole. Yadi nyingi hazipendi kusajili gari la kubadilishana kwa jina lao, kwani uhamisho una ada na watalihamisha tena. Watakuomba logibuku halisi, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi), waseme watamalizana na mteja atakapopatikana. Wengine huthubutu kuomba nywila yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Gari zima labda litapata mteja wa kueleweka. Bovu haliwekwi mbele ya yadi. Linasukumwa kwa dalali, dalali analipeleka kwa fundi, fundi analifunga breki za kubahatisha na kumuuzia mtu wa kubeba mizigo. Miezi inapita. Breki zinakataa kwenye mteremko, mtu anavunjika mguu, wakili wake anatafuta rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na kukuta jina lako. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuthibitisha ni juu yako, wakati simu ya dalali haipatikani na bima yako iliisha zamani.

Basi uhamisho uuanzishe wewe mwenyewe, kwenye akaunti yako, mbele yao, na upande wa pili ukubali kwenye akaunti yao kabla funguo hazijatoka mkononi mwako. Wakisema mnunuzi bado hajulikani, yadi yenyewe ndiyo mnunuzi. Kifungu cha 9 hakiruhusu gari lililouzwa kutumika zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kusajiliwa, kwa hiyo huombi fadhila. Wakikataa, ondoka na gari lako. Kuna yadi nyingine.

Gari likiwa na mkopo na logibuku ina jina la benki pamoja na lako, pata barua ya kumaliza deni na benki ijiondoe kwenye usajili kwanza. Bima usiifute mpaka uhamisho ukubaliwe, kisha ifute siku hiyo hiyo na uulizie marejesho ya muda uliobaki.

Gari lisiloweza kwenda lipelekwe juu ya lori, hasa la CVT au la magurudumu manne. Kulivuta magurudumu yanayoendesha yakiwa chini humaliza giaboksi iliyokuwa ikipona. Ondoa kifaa cha ufuatiliaji, kadi ya kamera ya dashibodi, na majina ya simu yaliyohifadhiwa kwenye redio. Lipa madeni ya maegesho ya kaunti.

Gari unalochukua likaguliwe vile vile ulivyokagua lako, na fundi wako, injini ikiwa baridi. Nyongeza ilipe kwa benki, kwa jina la kampuni lililo kwenye mkataba. Kinachozidi milioni moja hakipiti kwa hundi, kitataka RTGS, yaani uhamisho wa moja kwa moja kati ya benki. Usikubali kumaliza Jumamosi jioni benki zikiwa zimefungwa, wala kulipa kwa namba ya simu ya muuzaji eti risiti itafuata Jumatatu.