Jinsi ya kuweka lugha nne kwenye tovuti bila kuifanya nzito

Tovuti iliyonifundisha haya ni ya nyumba ya wageni iliyoko Mji wa Kale, Mombasa, ambayo pamoja na vyumba huuza safari za jahazi. Wageni wake husoma Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu na Kijerumani, na mwenye nyumba, mama mtu mzima anayeendesha biashara yote kwa simu yake, alitaka kila mmoja ahudumiwe kwa lugha yake. Nilipomaliza mara ya kwanza lugha zilikuwa nne kweli, lakini ukurasa uliokuwa ukifunguka upesi ulikuwa umegeuka mzigo. Nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, ila mtu anayengoja feri Likoni akiwa na simu ya bei nafuu na bando la mwisho hajali waya umetua wapi. Anachokiona ni duara linalozunguka.

Baadaye niligundua kwamba lugha zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kuiacha programu iamue lugha upya kila mahali: kwenye seva, kwenye hifadhidata na kwenye kivinjari. Mifano yangu ni ya Laravel (mfumo wa kuandikia programu za tovuti kwa lugha ya PHP) nyuma ya Nginx (programu ya seva inayopokea maombi ya wageni), kwa kuwa ndivyo vifaa ninavyovitumia kila siku.

Hatua ya 1: Yatoe maandishi kwenye msimbo

Hamishia kila neno linaloonekana kwenye faili za lugha, ukizipa majina kwa tagi za BCP 47 (kanuni ya kimataifa ya vifupisho vya lugha), yaani sw, en, ar na de. Usiziweke hifadhidatani eti ili mwenye tovuti azihariri mwenyewe. Faili za lugha za Laravel ni safu za kawaida za PHP ambazo OPcache, hifadhi ya PHP ya msimbo uliokwisha kuandaliwa, huziweka kwenye kumbukumbu, ilhali hifadhidatani kila kitufe kinaweza kuishia kuwa na swali lake la SQL, yaani ombi lake la kusoma hifadhidata.

Hatua ya 2: Andika sentensi nzima

Kiingereza huvumilia ujanja wa kuunga idadi, jina na kitenzi kutoka sehemu tatu. Kiswahili hakivumilii: vyumba 3 vimepatikana, tiketi 3 zimepatikana, majahazi 3 yamepatikana. Programu inayobandika neno "zimepatikana" nyuma ya kila jina itaandika "vyumba 3 zimepatikana", na mtu wa Mombasa atacheka kabla hajalipa. Weka ufunguo mmoja (jina ambalo programu huitia maandishi) wenye sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, na ndani yake maumbo ya umoja na wingi. Kumbuka kwamba Kiswahili na Kijerumani vina maumbo mawili ya idadi, ilhali Kiarabu kina sita. Faili itanenepa kidogo, lakini iko kwenye seva na haimgharimu mgeni chochote.

Hatua ya 3: Iweke lugha kwenye anwani

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mwanzoni ukurasa wa vyumba ulikuwa na anwani moja tu, /vyumba, na lugha ilichaguliwa kwa heda ya Accept-Language (mstari wa maelezo unaotaja lugha za mgeni) ambayo kivinjari hutuma, kisha ikakumbukwa kwa kidakuzi (kumbukumbu ndogo inayokaa kwenye kivinjari). Nilikuwa nimewasha kache ya Nginx, yaani hifadhi ya nakala za kurasa zilizokwisha kutengenezwa, ili kurasa zisitengenezwe upya kwa kila ombi, lakini nilipoichunguza niliikuta tupu. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, Nginx kwa kawaida yake haihifadhi jibu lenye heda ya Set-Cookie, nami nilikuwa nikituma kidakuzi cha lugha kwa kila jibu, juu ya kile cha kikao (kinachomtambua mgeni kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine) ambacho Laravel hukituma yenyewe. Pili, Laravel isipoambiwa vinginevyo hutuma Cache-Control: no-cache, private, yaani jibu lisigawiwe wengine kutoka kwenye kache, na Nginx huitii.

Nikafanya jambo ambalo ninakuomba usilifanye. Niliandika fastcgi_ignore_headers Set-Cookie Cache-Control, yaani Nginx izipuuze heda hizo mbili, nikaona kurasa zimeanza kuruka kama mishale, nikalala. Asubuhi nikapigiwa simu: "Mwanangu, mbona leo tovuti yangu yasema Kiarabu?" Mgeni wa kwanza kufungua ukurasa baada ya kache kuisha muda alikuwa na simu ya Kiarabu, na nakala yake ndiyo iliyogawiwa kila aliyemfuata. Hilo lilikuwa jepesi. Lililonitoa jasho ni kwamba nakala ile ilihifadhiwa pamoja na kidakuzi cha kikao cha mgeni yule, kwa hiyo wote waliofuata walikuwa wakiingia katika kikao chake. Bahati yetu hakuna aliyekuwa ameanza kujaza fomu ya kuhifadhi chumba.

Dawa ya pili niliyoijaribu ilikuwa kutuma Vary: Accept-Language, ili kache itenge nakala kwa kila lugha. Kwa maandishi inaonekana sawa. Kwa vitendo, heda hiyo si neno moja. Simu moja hutuma sw-KE,sw;q=0.9,en;q=0.8, nyingine hutuma sw,en-GB;q=0.9, ya tatu huanza na en-US ingawa mwenyewe hazungumzi Kiingereza nyumbani. Kwa kache hizo ni nakala tatu tofauti, hata kama kurasa zote tatu zinafanana herufi kwa herufi. Badala ya nakala nne nilikuwa na utitiri wa nakala, na karibu kila mgeni alikuwa wa kwanza katika fungu lake.

Kilichofaa ni hiki: /sw/vyumba, /en/vyumba, /ar/vyumba, /de/vyumba. Anwani ikishataja lugha, kurasa ni nne, ufunguo wa kache (jina ambalo kila nakala huhifadhiwa nalo) unazitofautisha wenyewe, na Vary ya lugha haihitajiki tena. Zipo tahadhari, na kila moja nimeilipia.

Njia za kurasa za umma zitoe kwenye kundi la web la Laravel, ili zisifungue kikao wala kutuma kidakuzi, kisha uzipe Cache-Control: public yenye max-age (muda wa nakala kukaa kwenye kache) unayoimudu. Mistari ya kupuuza heda ifute kabisa. Fomu ya kuhifadhi chumba ipe ukurasa wake usiowekwa kwenye kache, kwa sababu ina tokeni ya CSRF (namba ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yako), na tokeni ya mtu mmoja haipaswi kugawiwa umma.

Ukiandika ufunguo wa kache, usiujenge kwa $uri, yaani anwani kama Nginx inavyoiona ndani yake. Mpangilio wa kawaida wa Laravel hupeleka kila ombi kwenye index.php, hivyo $uri hubadilika njiani na kurasa zote huwa na ufunguo mmoja. Nilifungua ukurasa wa bei nikaletewa ramani. Tumia $request_uri, yaani anwani kama mgeni alivyoiomba, huku ukijua kwamba viungo vilivyopitia Facebook hubeba fbclid (alama ya Facebook ya ufuatiliaji) nyuma yake na kila kimoja kitahesabiwa kuwa ukurasa mpya usipokiondoa kwanza.

Heda ya Accept-Language itumike mahali pamoja tu, kwenye mzizi wa tovuti, kumpeleka mgeni kwenye lugha ya kuanzia. Hapo tuma 302 (uelekezaji wa muda) pamoja na Cache-Control: private, no-store. Usitume 301 (uelekezaji wa kudumu), kwa maana kivinjari huikumbuka na mgeni atakayebadilisha lugha ya simu yake ataendelea kurushwa kule kule. Anayefungua /de/vyumba aliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp mwache aone Kijerumani. Usimhamishe, mwekee tu kiungo cha kubadili lugha. Googlebot, roboti ya Google inayosoma tovuti, nayo kwa kawaida haitumi Accept-Language, kwa hiyo kila ukurasa uwe na viungo vya hreflang (vinavyoonyesha ukurasa huo uko wapi kwa kila lugha) kwa lugha zote nne pamoja na x-default, ya mgeni wa lugha nyingine.

Kisha hakikisha kwa macho yako. Ongeza heda ya X-Cache-Status yenye thamani ya $upstream_cache_status, uendeshe mara mbili:

curl -s -o /dev/null -D - -H "Accept-Language: ar" anwani-yako/sw/vyumba

Mara ya kwanza utasoma MISS (nakala haikuwapo), mara ya pili HIT (imetoka kwenye kache), na pasiwe na Set-Cookie popote. Ukikiona kidakuzi, rudi nyuma.

Hatua ya 4: Tafsiri za hifadhidatani

Maelezo ya vyumba hubadilika, kwa hiyo hayo yakae hifadhidatani, katika jedwali lake lenye ufunguo wa vitu viwili: kitambulisho cha chumba na lugha. Orodha ya vyumba 20 inayoomba tafsiri ya kila chumba peke yake hufanya maswali 21. Fanya moja, kwa LEFT JOIN mbili (moja ya lugha ya mgeni, moja ya Kiswahili) na COALESCE (inayochukua ya kwanza isiyokosekana), ili tafsiri ikikosekana mgeni asome Kiswahili badala ya nafasi tupu.

Hatua ya 5: Kivinjari kipokee lugha moja

Ikiwa JavaScript yako inaingiza faili zote nne za lugha mwanzoni, kila mgeni anazilipia zote kwa bando lake. Tumia import() inayoita faili moja kwa wakati wake. Kwa tarehe, achana na maktaba ya Moment.js: watengenezaji wake waliiweka katika hali ya matengenezo tu mwaka 2020, na webpack, programu ya kufungasha JavaScript, isipozuiwa hufungasha lugha zake zote. Intl, zana ya kupanga tarehe na namba kwa kila lugha, tayari imo ndani ya kivinjari. Ila Intl.NumberFormat iunde mara moja nje ya kitanzi, si upya kwa kila bei.

Kiarabu kinahitaji dir="rtl" (kuandikwa kutoka kulia kwenda kushoto) na fonti yake, lakini msomaji wa Kiswahili asiipakue. Mstari wa unicode-range: U+0600-06FF hulimaliza jambo hilo, kwani kivinjari hakiiti fonti hiyo mpaka kikute herufi zake. Badala ya kuandika faili ya pili ya CSS, tumia margin-inline-start, inayofuata mwelekeo wa lugha, mahali pa margin-left.

Hatua ya 6: Saa

Hili halimo katika maktaba yoyote niliyoitumia. Intl hutafsiri majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, lakini saa huziacha za kizungu. Safari moja ya asubuhi ilitangazwa kuwa inaondoka "saa 8:00", na familia moja kutoka Kisauni ikawasili saa nane kamili mchana, imebeba chakula, jahazi limekwisha kurudi. Usilete maktaba mpya kwa ajili ya hili. Ongeza 6 kwenye saa, gawa kwa 12, chukua baki, na baki likiwa 0 andika kumi na mbili. Fanya hivyo kwenye seva na uyaandike kwa maneno, "saa mbili asubuhi", ukiweka 08:00 kando yake kwa maandishi madogo. Ukurasa ukishaingia kwenye kache, hesabu hiyo hairudiwi.