Nukta sio dakika, mnachoma petroli bure kwenye dagaa

Wavuvi wa dagaa wa Pangani, Kipumbwi na Tanga, naandika hii nikiwa na uchungu kweli maana kila giza likiingia nakutana na kosa lile lile. Mtu katumiwa kwa WhatsApp ramani ya setilaiti ya kutafutia dagaa, imeandikwa 5.40 kusini na 39.20 mashariki, yeye anaingiza kwenye GPS digrii 5 dakika 40, digrii 39 dakika 20. Hapana jamani!

Digrii moja ina dakika 60, sio 100. Namba ya baada ya nukta unaizidisha mara 60 ndo unapata dakika. 0.40 mara 60 ni 24, na 0.20 mara 60 ni 12, kwa hiyo pa kwenda ni digrii 5 dakika 24 kusini, digrii 39 dakika 12 mashariki, hapo mkabala na Pangani. Ukiweka 40 na 20 unatokea mbele ya Nungwi kule Unguja, karibu kilometa 33 kutoka ulipotakiwa uwe, usiku umeisha, mafuta yameisha, mkirudi mnasema ramani ni ya uongo. Na wengine wakiona 5.4 na 39.2 wanaandika dakika 4 na dakika 2, hiyo ndo mbaya zaidi, inakupeleka nchi kavu upande wa Amboni.

Kama hesabu inakusumbua ingia setingi za GPS, tafuta sehemu ya mfumo wa namba za mahali, badili iwe digrii zenye nukta, halafu andika namba kama zilivyo kwenye ramani. Fanyeni ufukweni mchana kweupe, sio mshapiga mashine mnamulika tochi kwenye mawimbi.

Kingine ni muda. Ile picha ya setilaiti iliyotengeneza ramani haioni samaki, inaonyesha ukijani wa vijimea vya majini ambavyo dagaa anakula, na joto la maji ya juu. Ikipigwa saa saba na nusu mchana na nyie mkawasha taa za kuvutia dagaa saa mbili usiku, mkondo ukitembea maili 2 za bahari kwa saa basi maji yale yanaweza kuwa yameshasogea maili 13 kaskazini, na kipindi cha kusi mkondo unakimbia zaidi. Sasa wewe una picha ya juzi unaenda nayo wapi? Angalia tarehe kwanza, ikizidi siku moja usiifuate, na kama haina tarehe kabisa futa.

Ukijani mzito ulioganda mdomoni mwa mto Pangani wakati wa masika mara nyingi ni tope tu, mpite. Lenga ule mpaka ambapo maji ya kijani yanakutana na ya bluu.

Mkiwahi kabla jua halijazama mkaona ndege aina ya membe wanapiga mbizi, mpo penyewe, tieni nanga msubiri giza.