Shotigani ya bei nafuu kwa mchezo wa trapu: kuichagua na kuiweka sawa na mwili wako

Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo hicho, na jicho linakaa pale shavu linapokaa kwenye kitako. Ndiyo maana bunduki ya bei ya chini inayokukaa sawasawa itakuvunjia visahani vingi vya udongo vinavyorushwa hewani kwenye trapu kuliko ya kifahari inayokulazimisha kupinda shingo.

Usitoe hata advansi kabla ya kupata kibali cha polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Tafuta geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), chemba (panapokaa risasi) ya milimita 70, mitutu miwili iliyopangwa juu na chini, urefu wa sentimita 76, uzito kilo 3.4 au zaidi. Uzito huo unapunguza mateke na kuufanya mtutu uende kwa mwendo mmoja bila kusitasita. Bunduki za chapa ya Baikal za Urusi zilizokwishatumika hazina urembo, lakini zinadumu. Bunduki ya pampu, inayokokwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, ni ya bei ya chini zaidi, ila inatupa maganda upande wa mwenzako na inachelewesha risasi ya pili.

Ukikagua iliyotumika, hakikisha kwanza haina risasi, kisha ondoa kishikio cha mbele. Funga bunduki, shika kitako, itikise. Ikicheza au kugonga, bawaba imelika. Angalia kile kiwiko cha kufungulia: kwenye bunduki nzima hubaki kulia kidogo ya mstari wa kati, kikishavuka kwenda kushoto, kufuli limechoka. Ng'oa mitutu, ining'inize kwa kidole, igonge kwa ukucha. Inapaswa kulia kama kengele. Sauti ikiwa butu, huenda ulehemu wa utepe (ule ukanda wa chuma ulio juu ya mtutu) umeachia, na hapa Mwanza kando ya ziwa unyevu huingia humo ukaanza kutu usiyoiona. Mwisho elekeza mitutu kwenye mwanga, chungulia: kivuli chenye umbo la pete ndani yake ni dalili ya uvimbe. Iache.

Kuiweka sawa hakuhitaji mafundi wa mbali. Bunduki ikiwa tupu, fumba macho, ipandishe shavuni kisha begani, fumbua. Usiporekebisha chochote, jicho lione utepe kidogo tu, shanga ya mbele (kitone cha kulengea kwenye mdomo wa mtutu) ikiwa katikati. Ukiona chuma cha nyuma peke yake, shavu liko chini mno. Bandika vipande vya ngozi au sponji ngumu juu ya kitako, milimita 3 kwa mara moja. Milimita 3 hizo hupandisha marisau (punje za ndani ya risasi) kama sentimita 10 kwenye umbali wa mita 35, kwa hiyo usiongeze kwa pupa. Urefu wa kitako upime kwa pua: kati yake na kidole gumba cha mkono wa triga ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Pua ikigongwa, kitako ni kifupi. Kikinasa kwapani unapokipandisha, ni kirefu.

Kisha pima kwenye karatasi ya kaki yenye urefu na upana wa mita moja na alama katikati, umbali wa mita 35. Piga karatasi tano, kila moja risasi moja, ukipandisha bunduki upya kila mara. Risasi ya gramu 24 yenye marisau ya milimita 2.4 hubeba punje kama 300; choki (kipande kinachobana mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema) iliyobana kabisa inaweka takriban asilimia 70 ndani ya duara la sentimita 75. Kwa trapu, punje nyingi kiasi zikae juu ya alama, kama 60 kwa 40, maana kisahani huwa bado kinapanda. Anza na choki ya nusu kwa risasi ya kwanza na iliyobana kabisa kwa ya pili.

Fanya vipimo asubuhi. Mchana upepo hutoka ziwani, nawe ukiwa umelipa ziwa kisogo, kama inavyopasa, upepo huo hukandamiza visahani chini ukadhani bunduki inapiga juu. Usipige kamwe kuelekea majini: kuna mitumbwi, na madini ya risasi yaliyomo kwenye marisau huua ndege wanaoyameza. Mbele yako acha mita 300 zisizo na mtu, wala usitumie majabali ya Mwanza kama ukuta, kwa kuwa marisau hudunda.

Ukirudi, pitisha brashi ya shaba, futa mabaki ya plastiki karibu na choki, paka mafuta mepesi ndani na nje. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa, unabeba unyevu. Ifungie kwenye sanduku la chuma. Nyuzi za kufungia choki zipake grisi kidogo kila baada ya kupiga, la sivyo choki itaganda na kung'olewa kwa nguvu kutaharibu mdomo wa mtutu.