Jinsi ya kuifanya Baskerville iwe mwanana

Kuna kazi ilinijia, familia inataka kijitabu cha wasifu wa bibi yao wakigawe siku ya arobaini, na mimi kwa mazoea nikamwaga Baskerville maana ni fonti ya heshima. Mjukuu akaiangalia kwenye simu akasema kaka mbona kama barua ya wakili. Na alikuwa sawa kabisa! Bibi kwa wanavyomsimulia alikuwa mtu wa sauti ya chini, ukifika kwake kabla hujakaa anakuuliza umekula. Sasa hapo una njia mbili, utafute fonti nyingine, au uichukue hiyohiyo uitoe ukali mpaka iongee unavyotaka. Naeleza hii ya pili.

Kwanza ujue ukali wenyewe umetoka wapi. John Baskerville wa Birmingham alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi kabla hajaingia kwenye uchapaji, kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka 1757. Alitaka mistari myembamba iwe myembamba kweli na minene iwe minene, na ili wino usitapakae akawa anapika wino wake mwenyewe halafu karatasi anazibana kwenye mabamba ya shaba ya moto. Wapo waliolalamika eti herufi zake zinaumiza macho, mpaka Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyekuwa mchapaji, akamtegea mmoja wao, akampa karatasi ya herufi za Caslon, mtengeneza herufi mwingine wa Uingereza, akamwambia hizi za Baskerville, jamaa akaanza kuonyesha makosa moja baada ya jingine.

Halafu 1996 Zuzana Licko wa Emigre, kampuni ya fonti kule California, akatoa fonti ya Mrs Eaves iliyotokana na Baskerville, jina la Sarah Eaves aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Baskerville na baadaye akawa mke wake. Licko alipita njia ya upande wa pili, akapunguza tofauti ya mstari mnene na mwembamba, akazifanya herufi ndogo ziwe pana na fupi, kitu kikawa laini kama kimechapwa kwa zile herufi za zamani za madini ya risasi kwenye karatasi ya kunywa wino. Somo zima liko hapo, mifupa ni ileile ila sura imetulia. Mrs Eaves yenyewe ni ya kununua, usiifungue kuichezea, ila njia yake hakuna anayekukataza kujifunza.

Sasa kazi. Kabla hujagusa nukta hata moja tafuta neno moja la hali unayotaka, na liwe neno la Kiswahili unalolisikia mdomoni. Ukiandika "nzuri" au "ya kisasa" hujasema kitu. Mimi niliandika mwanana, kama upepo mwanana, na pembeni nikaandika isiwe nini: isiwe ya huzuni, isiwe ya kitoto. Hilo neno lina zawadi nyingine, ukilitazama m-w-a-n-a-n-a halina herufi hata moja inayopanda juu wala kushuka chini, lote liko kwenye kimo cha herufi ndogo, kwa hiyo ukiliandika kubwa kwenye skrini unaona mara moja ulichobadilisha.

Shusha Libre Baskerville, ni toleo la Baskerville la bure na leseni yake ya OFL (Open Font License) inaruhusu kubadilisha, ila isome: huruhusiwi kuiuza fonti peke yake, fonti uliyoibadilisha nayo lazima ibaki chini ya leseni hiyohiyo, na kama jina limehifadhiwa lazima ubadilishe jina. Mi nasema badilisha tu hata kama halijahifadhiwa, na ubadilishe siku ya kwanza, kwenye FontForge, programu ya kuhariri fonti, ni Element kisha Font Info, maana ukiwa na fonti mbili zenye jina moja kompyuta itakuonyesha ile ya zamani na wewe utakaa saa nzima unashangaa mbona mabadiliko hayaonekani. Yalinikuta.

Anza na a. Wenzetu wa Kiingereza herufi yao inayojirudia sana ni e, sisi ni a, fungua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu, wanawake, kwa hapa, tunawapatanisha, ni a juu ya a. Ukiituliza a umeshatuliza nusu ya ukurasa, na ukiikosea hakuna pa kuificha. Tumbo la a nililipanua kidogo, kile kitone cha juu nikakifanya kiwe duara zaidi, na ule mkia wa chini kulia uliokuwa umechongoka nikaulaza. Tatu tu. Baada ya hapo n na o, halafu k na w kwa sababu kwa, wa na ka ziko kila mahali.

Kimo cha herufi ndogo sasa. Libre Baskerville ilitengenezwa kwa ajili ya skrini, kwa hiyo herufi zake ndogo ni ndefu, na urefu huo ndio unaoifanya iongee kwa sauti kubwa. Nilizishusha kama asilimia sita. Usizichague zote ukaziminya, mistari nayo itapungua unene na zitaonekana kama zimeugua. FontForge ina sehemu ya kubadili kimo hicho ndani ya Element, Style, inajitahidi kulinda unene lakini bado pitia moja moja kwa macho, hasa e na s. Zinapopungua kimo zipe upana kidogo, la sivyo zitabanana.

Mistari myembamba niliongeza unene uniti nane hivi, pale ambapo kimo kizima cha fonti kimegawanywa uniti 1000, minene sikuigusa. Kwa sisi hili siyo urembo tu. Kijitabu cha arobaini mara nyingi kinachapwa nakala moja, zingine zinapigwa fotokopi stesheneri, na fotokopi inakula mistari myembamba, e inabaki kama c. Zile serifu, vile vimiguu vya herufi, pembe zake zizungushe kidogo sana, uniti nne au tano. Mara ya kwanza nilizungusha kumi na mbili na ikawa kama sabuni iliyokaa kwenye maji.

Mengine yaache. Herufi kubwa za Baskerville ni pana na zina utulivu wake, Q ina mkia wa kujivunia ambao Kiswahili hata hakiutumii, na g yake ya asili ina kitanzi cha chini kisichofunga, ukiikuta hivyo usiifunge, huo ndo uso wake.

Ila g hiyohiyo ndo itakutesa kwenye ng'. Ina kale kasikio kanakotokeza kulia juu, na alama ya ng' inakaa palepale, kwa hiyo kwenye ng'ombe au kung'aa vinagongana, halafu baada ya alama kunabaki shimo kabla ya o. Hawa waliotengeneza fonti hawakuwa na ng' kichwani, siwalaumu. Fungua dirisha la Metrics, la kupangia nafasi kati ya herufi, andika ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, sogeza g na alama ziachane kidogo, kisha alama na herufi inayofuata zisogeleane. Fanya hivyo kwa alama iliyonyooka na iliyopinda zote mbili, watu wanaandika kwa simu na hujui ipi itakuja. Baada ya hapo Wa, Ya, Ta, Tu, Ka, maana sentensi zetu nyingi zinaanza hapo.

Chapa kwa saizi 11, piga fotokopi mara mbili, yaani nakala ya nakala, mpe mtu ambaye hujamwambia neno lako. Usimuulize imependeza? Atasema ndiyo. Muulize nani anaongea hapa. Mimi nilimpa shangazi, akasoma mistari kama minne kimya, akasema mama mmoja hivi, mtu mzima, amekaa. Nikarudi kwenye mashine nikatoa OTF ya kuchapa na WOFF2 ya kuweka mtandaoni, nikaweka na faili la leseni kwenye folda ileile, nikamtumia yule mjukuu. Alijibu kesho yake, anauliza kama inawezekana na jina la bibi kwenye jalada liandikwe kwa herufi ndogo zote.