Namna ya Kuchora Ramani ya Miamba ya Kale ya Volkeno Kando ya Ziwa Victoria

Kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, kuanzia Chato na Geita hadi Musoma, na kuvuka mpaka kuelekea Migori na Kisumu nchini Kenya, imetandaa mikanda ya miamba ambayo wanajiolojia huiita miamba ya Nyanzia. Ni zaha (mwamba ulioyeyuka na kumwagika kutoka volkeno), majivu ya volkeno na mashapo yaliyotuama kati ya miaka bilioni 2.8 na 2.6 iliyopita, yakakunjwa, yakabanwa na kupashwa joto, na hatimaye yakaingiliwa na matale, yaani mwamba mgumu wa graniti. Dhahabu ya Geita imo katika mikanda hiyo hiyo. Mwanafunzi anayepelekwa huko kujifunza kuchora ramani hukuta kwamba mwamba alio nao mkononi haufanani na picha za volkeno alizoziona darasani: bazalti, yaani zaha nyeusi iliyoganda, imegeuka kuwa ya kijani kwa sababu ya madini ya kloriti na epidoti, na majivu yaliyogandamana yamekuwa mwamba unaopasuka vipande vyembamba. Kwa hiyo kanuni inayotangulia nyingine zote ni hii: eleza kwanza unachokiona, yaani rangi, ukubwa wa chembe, umbo na mpangilio wake, ndipo utoe jina la mwamba.

Kabla ya kusafiri, tafuta ramani zilizopo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, inatunza ramani za jiolojia za robo digrii (kila moja ikifunika eneo la nusu digrii kwa nusu digrii), nazo zitakuonyesha mipaka mikuu ya mkanda unaokwenda kuuchora. Angalia sana mfumo wa vipimo, yaani msingi unaotumika kuhesabu latitudo na longitudo: ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili katika eneo hili ni takribani mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Eneo lote liko katika kanda ya 36 Kusini ya gridi ya UTM, ambayo huigawa dunia katika kanda za kupimia mahali kwa mita. Kwa kazi ya mafunzo, kipimo cha 1:10,000 kinafaa, kwa kuwa milimita moja ya karatasi ni mita 10 za ardhi, na kosa la kawaida la GPS ya simu huwa dogo kuliko hapo. Nenda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, majani yakiwa yamekauka.

Ukifika, peleka barua ya chuo kwa mtendaji wa kijiji, kisha uonane na mwenyekiti wa kitongoji, na uombe mwenyeji wa kukuongoza. Huu si urasimu mtupu. Baadhi ya majabali ni mahali pa matambiko na hayapaswi kuguswa kwa nyundo, na katika mikanda ya dhahabu mgeni anayepasua mawe bila kujitambulisha huzua hofu ya haki kabisa miongoni mwa wachimbaji wadogo. Usiingie katika maduara yao, yaani mashimo ya uchimbaji, hata yale yaliyoachwa, kwa kuwa kuta zake huporomoka bila dalili. Ziwani kuna kichocho, hivyo usitembee majini ili kufupisha njia; tena waulize wavuvi wa mwalo ulio karibu kuhusu mamba na viboko kabla ya kukaribia matete.

Anzia kazi ufukweni. Bara, mwamba umefunikwa na udongo mwekundu, na changarawe ngumu ya chuma, au na udongo mweusi wa mbuga, lakini mawimbi yameusugua mwamba wa ufukweni hadi umbile lake likaonekana hata bila kupigwa nyundo. Ukanda wa mita chache unaweza kukufundisha zaidi ya kilomita nzima ya mashamba, kwa hiyo ni busara kuuchora kwa kipimo kikubwa zaidi, kama 1:500, ukitumia futi kamba na dira. Kumbuka kwamba kina cha ziwa hubadilika: mwezi Mei 2020 maji yalipanda hadi kiwango cha juu sana, kilicholingana na kile cha mwaka 1964, na mwamba uliotajwa na watangulizi wako unaweza kuwa chini ya maji leo.

Jambo la kutafuta kwa bidii kuliko yote ni zaha yenye maumbo ya mito ya kulalia. Zaha inayomwagika majini hupoa haraka kwa nje na kujifunga katika vifundo vya mviringo, mara nyingi vyenye upana wa sentimita 30 hadi mita moja, vikipandana kabla havijaganda kabisa. Kwa hiyo mgongo wa kila kifundo huwa umebinuka, na tumbo lake huchongoka na kuzama katika upenyo ulioachwa na viwili vilivyo chini yake. Ncha hiyo inakuonyesha upande uliokuwa chini siku zaha ilipomwagika. Katika miamba iliyokunjwa kiasi cha kusimama wima, hakuna ushahidi wenye thamani kubwa zaidi, kwa maana ndio unaokuambia kama tabaka limepinduliwa. Usiridhike na kifundo kimoja; tafuta kadhaa vinavyokubaliana, kisha uthibitishe kwa vitundu vya gesi, ambavyo aghalabu hukusanyika upande wa juu na leo vimejaa kwatzi au kalisaiti. Chora kila kimoja daftarini, ukiweka kipimo na mwelekeo wa kaskazini, kwa sababu picha ya simu haichagui lililo muhimu. Jihadhari pia usipime ubapa uliotokana na mbano ukadhani umepima tabaka; vipimo hivyo viwili huandikwa kwa alama tofauti.

Dira ina hatari yake hapa. Pamoja na zaha utakuta mwamba wa chuma wenye mistari myekundu, myeusi na myeupe, ambao hustahimili mmomonyoko na kusimama kama kigongo. Magnetiti iliyomo, madini ya chuma yenye sumaku, huvuta sindano ya dira. Isogeze dira polepole karibu na mwamba: sindano ikiyumba, acha kuitumia hapo, chukua nukta mbili za GPS zilizo mbalimbali kwenye tabaka lile lile, kisha kokotoa mwelekeo kutokana nazo. Mwinamo, yaani pembe ambayo tabaka limeinamia, unaweza kuupima kama kawaida, kwani klinomita, kifaa cha kupimia pembe hiyo, hutegemea uzito na si sumaku.

Baada ya ufukwe, fuata kila tabaka kuelekea bara kwa njia zinazolikata mwelekeo wake. Udongo nao ni ushahidi: mchanga mweupe ambao Wasukuma huuita luseni kwa kawaida hutokana na matale, na udongo mwekundu mzito mara nyingi huficha bazalti. Mawe yaliyotawanyika yaandikwe kuwa ni mawe yaliyotawanyika, wala yasihesabiwe kuwa mwamba wa mahali hapo. Pale matale yanapokutana na zaha, tafuta vipande vya zaha vilivyonaswa ndani ya matale, au mishipa ya matale inayopenya kwenye zaha. Hivyo ndivyo utakavyojua kipi kilitangulia.

Kila jioni, kabla ya kulala, kazia kwa wino yale uliyoyaona na uache kwa penseli yale unayoyadhani. Mpaka ulioukanyaga uchorwe kwa mstari usiokatika, na ule uliokadiriwa uchorwe kwa vistari. Sampuli ipewe namba ile ile kwenye jiwe, mfuko, daftari na ramani, nayo ionyeshe upande wa juu kwa mshale kabla haijang'olewa. Kisha chora mkato wa wima, yaani mchoro wa ardhi kana kwamba imekatwa kwenda chini, unaopita kwenye mwelekeo wa matabaka kwa pembe mraba, ungali kambini, kwa sababu penye minamo inayogongana ndipo utakapotakiwa kurudi kesho yake asubuhi.